Deni, Utepe na Sauti Tatu: Albamu ya Queen ya Mwaka 1975

Albamu iitwayo A Night at the Opera, ambayo bendi ya Queen ya Uingereza iliitoa tarehe 21 Novemba 1975, hutajwa Afrika Mashariki kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haielezi chochote kuhusu santuri yenyewe: namna vijana wanne waliokuwa na jina kubwa na mifuko mitupu walivyoingia studio wakiwa na madeni, wakapanga sauti juu ya sauti kwa miezi kadhaa hadi utepe ukakwanguka, na namna swali la nani anamiliki nini lilivyoandamana na kazi hiyo tangu wimbo wake wa kwanza.

Mercury alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, yaani watu wenye asili ya Uajemi waliokaa India kwa karne nyingi na kuendelea kufuata dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa keshia katika Mahakama Kuu chini ya serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India, ambako alijifunza piano, akaimba kwaya na kupiga muziki katika bendi ya wanafunzi. Alirejea Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London. Ukihesabu vizuri, miaka yake Zanzibar ni ya utotoni pamoja na kipindi kifupi cha ujana, na anayesikiliza albamu hii akitafuta ladha ya taarabu atajichosha bure. Neno bismillahi linasikika katika wimbo wake mkuu, lakini limetumika humo kama pambo la jukwaani, sambamba na majina ya Kiitaliano na wahusika wa tamthilia. Zanzibar nayo imekuwa na moyo nusunusu juu ya mwanawe huyu: mwaka 2006 jumuiya ya kidini ya UAMSHO ilipinga sherehe iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, na mwaka 2019 jumba dogo la makumbusho yenye jina lake likafunguliwa Shangani, ambako wageni hupigana picha mlangoni.

Wenzake watatu walikuwa wasomi kwa namna isiyo ya kawaida katika muziki wa roki, yaani ule muziki wa magita ya umeme na ngoma nzito uliokua Uingereza na Marekani tangu miaka ya 1950. Brian May, mpiga gita, alisomea fizikia katika chuo cha Imperial na kuanza utafiti wa shahada ya uzamivu juu ya vumbi la angani, kazi aliyoiacha kwa ajili ya muziki na kuja kuimaliza mwaka 2007. Gita lake alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, na shingo ya gita hilo ilichongwa kutokana na mbao za meko ya zamani. Roger Taylor, mpiga ngoma, alianzia udaktari wa meno kisha akahamia baiolojia, na John Deacon, mpiga besi, alikuwa na shahada ya elektroniki. Mercury mwenyewe alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, na nembo iliyochapishwa kwenye jalada la albamu ni kazi ya mkono wake: simba wawili kwa ajili ya Taylor na Deacon, kaa kwa ajili ya May, na vidosho wawili wenye mabawa kwa ajili yake mwenyewe, kila umbo likisimamia nyota ya kuzaliwa ya mwenye nayo.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 bendi hii ilikuwa imetoa albamu tatu, na wimbo wake Killer Queen ulikuwa umefika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza, chati ikiwa ni orodha ya kila wiki ya santuri zinazouzwa zaidi. Hata hivyo wanamuziki wenyewe waliishi kwa posho ya pauni 60 kwa wiki. Mkataba wao wa mwaka 1972 haukuwa na kampuni ya santuri moja kwa moja, bali na Trident, kampuni ya London iliyomiliki studio, iliyowasimamia, na iliyouza kazi zao kwa kampuni kubwa ya EMI huku gharama za kurekodi zikiandikwa upande wa bendi kama deni. Deacon alipoomba fedha za arubuni ya nyumba kwa kuwa mkewe alikuwa mjamzito, alikataliwa. Mpenzi wa muziki wa dansi wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa sana hali hiyo, maana anawajua wale waitwao wenye vyombo: mtu au taasisi inayomiliki magita, ngoma na vipaza sauti, na hivyo kuwa na kauli juu ya wapigaji wenyewe. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi na Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana wa TANU, na katika bendi za namna hiyo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mshahara ambaye akiondoka huondoka mikono mitupu. Tofauti ni kwamba mwajiri wa Dar es Salaam kwa kawaida hakutajirika kwa santuri, kwa sababu soko lenyewe lilikuwa dogo.

Queen walijinasua katika kiangazi cha mwaka 1975, na uhuru wao haukuwa wa bure. Trident ililipwa pauni 100,000 na kuahidiwa asilimia moja ya mrabaha wa albamu sita zilizofuata, mrabaha ukiwa ni fungu la fedha analolipwa mwenye haki kila nakala ya kazi inapouzwa au kupigwa hadharani. Meneja mpya, John Reid, ambaye wakati huo alimsimamia pia Elton John, inasemekana aliwapa agizo fupi: yeye ashughulike na fedha, wao waende wakatengeneze santuri nzuri kuliko zote walizopata kutengeneza. Hapo ndipo ulipo ujasiri wa kisa hiki, au wazimu wake, kwa kuwa bendi iliyokaribia kuvunjika kwa ukata iliingia kurekodi albamu iliyogharimu takribani pauni 40,000, kiasi ambacho magazeti ya Uingereza yalikitaja kuwa kikubwa kuliko cha albamu yoyote iliyotangulia. Wimbo unaofungua santuri, Death on Two Legs, ni matusi ya wazi kwa meneja wa zamani asiyetajwa jina. Mmoja wa wakuu wa Trident alijitambua humo, na suala likamalizwa nje ya mahakama.

Kazi ilianza Agosti 1975 na kuendelea hadi Novemba, ikigawanywa katika studio kadhaa, mara nyingine mbili au tatu zikitumika kwa wakati mmoja, kila mwanamuziki akishughulikia wimbo wake. Studio ya kwanza na yenye jina zaidi ni Rockfield, iliyoko shambani karibu na mji wa Monmouth huko Wales. Ndugu wawili wa ukoo wa Ward, watoto wa mfugaji, walianza kurekodi muziki katika dari ya nyumba ya shamba mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha wakageuza mabanda kuwa vyumba vya kurekodia na vya kulala, ikawa mahali ambapo bendi huhamia na kufanya kazi saa yoyote ya usiku bila jirani kulalamika. Prodyuza, yaani msimamizi wa urekodi anayeamua kipi kirudiwe na kipi kibaki, alikuwa Roy Thomas Baker akishirikiana na bendi yenyewe, na mhandisi wa sauti alikuwa Mike Stone.

Ili kuelewa walichokifanya hawa watu, msomaji wa Same huko Upare, kaskazini mwa Tanzania, ana msaada ambao wengine hawana. Katika mji huo wenye makao makuu ya Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na katika milima ambako Waadventista Wasabato walifika mwaka 1903 na kufungua misheni yao ya kwanza huko Giti, ni vigumu kumkuta mtu mzima ambaye hajawahi kuimba kwaya au kukaa jirani na mazoezi ya kwaya. Anajua soprano, alto, tena na besi. Anajua kwamba sauti moja ikiwa na watu wawili na nyingine watu kumi wimbo hulemea upande mmoja. Na anajua jinsi mwalimu wa kwaya anavyoisimamisha sauti moja ili kuisikiliza nyingine. Sehemu ya katikati ya wimbo Bohemian Rhapsody husikika kama kwaya ya watu mia na zaidi wakijibizana kwa mtindo wa opera, ambayo ni tamthilia ya Ulaya inayoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, lakini walioimba ni watatu tu. Taylor alichukua sauti za juu kabisa, ambazo wanawake wengi wa kwaya wangezikimbia, Mercury sauti za kati, na May zile za chini; Deacon hakuimba.

Siri yake ilikuwa utepe. Studio za wakati huo zilitumia utepe wa sumaku wenye upana wa karibu sentimita tano, uliogawanywa katika mistari 24 iendayo sambamba, ambayo mafundi huiita trak, kila mstari ukiweza kubeba sauti yake bila kugusa wa jirani. Waimbaji watatu husimama mbele ya kipaza sauti, huimba kifungu kimoja, kisha hukiimba tena kwenye mstari mwingine huku wakisikiliza cha kwanza masikioni, na tena, na tena, hadi watatu wawe tisa na tisa wawe ishirini na saba. Mistari inapojaa, sauti zote huchanganywa na kuhamishiwa kwenye mmoja au miwili, ile mingine ikafutwa na kazi ikaendelea. Ubaya wake ni kwamba kila uhamisho huongeza mvumo na kupunguza ung'avu wa sauti, kwa hiyo anayehamisha mara nyingi mno hubaki na uji. Kwa masimulizi ya wahusika wenyewe, sehemu hiyo ya opera ilichukua wiki tatu za kuimba saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, tabaka za sauti zikakaribia 180, na utepe ukapita juu ya vichwa vya mashine mara nyingi hivi kwamba rangi ya kahawia inayobeba sauti ilibanduka na ukaanza kupitisha mwanga. Baker alisimulia kwamba Mercury alikuwa akirudi kila mara na vibwagizo vipya, na kila mara ilibidi kipande kingine cha utepe kiunganishwe ili vipate nafasi.

Nyimbo nyingine za albamu hazisikilizwi sana leo, jambo la kusikitisha, kwa sababu ufundi wa karibu zaidi umo humo. Katika Lazing on a Sunday Afternoon, Mercury alitaka sauti ya spika za zamani za honi, na badala ya kutafuta mtambo wa pekee, mafundi walipitisha sauti yake kwenye hedifoni zilizotumbukizwa ndani ya kopo la bati, wakaweka kipaza sauti juu ya kopo hilo na kurekodi kilichotoka. Katika Seaside Rendezvous, mlio wa viatu vya wacheza dansi ni vidole vya Mercury na Taylor vilivyovishwa subana, zile kofia za chuma za mafundi cherehani, vikigongagonga kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na tarumbeta zinazoingia baadaye ni midomo yao wenyewe. Kwa Good Company May alitengeneza bendi nzima ya jazi ya zamani, tromboni, klarineti na zote, kwa gita lake moja, noti baada ya noti. Kinubi kilichomo katika Love of My Life alikipiga yeye huyo asiyekuwa na ujuzi nacho, akirekodi mpigo mmoja, akikaza nyuzi zilizolegea, kisha mpigo wa pili. Jalada la albamu liliendelea na desturi ya bendi ya kujigamba kwamba hakuna kinanda cha elektroniki kilichotumika kutengeneza sauti hizo, na majigambo hayo yalikuwa ya haki.

Jina la albamu lilichukuliwa kutoka filamu ya vichekesho ya ndugu wa Marx ya mwaka 1935, na jina hilo linakubali jambo ambalo wahakiki wengi hulisahau, kwamba kazi hii ni mzaha mkubwa uliofanywa kwa umakini mkubwa. Wimbo wa gari wa Taylor, uliopambwa kwa mngurumo wa Alfa Romeo yake, umekaa bega kwa bega na '39 wa May, unaosimulia wasafiri wa angani wanaorejea duniani wakiwa vijana huku vizazi vyao vikiwa vimezeeka, hesabu aliyoitoa katika fizikia ya Einstein. Haupo uzi mmoja unaounganisha yote hayo isipokuwa ukaidi wa watu wanne waliokataa kuambiwa kwamba jambo fulani haliwezekani.

Ukaidi huo ulijaribiwa katika kuitoa. Kwa desturi albamu hutanguliwa na singo, yaani santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande, inayopelekwa redioni kama chambo cha kuuzia albamu nzima, na redio za wakati huo zilipenda nyimbo za dakika tatu. Bendi ilichagua Bohemian Rhapsody, ambao una dakika tano na sekunde 55, hauna kiitikio, na hubadilika kutoka kilio cha piano kuwa opera na kutoka opera kuwa roki kali. Wakubwa wa EMI waliuona mrefu mno. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London, rafiki wa Mercury, alipewa nakala kwa masharti kwamba asiipige. Akaipiga mara 14 katika mwisho wa juma mmoja, na Jumatatu watu wakaenda madukani kudai santuri ambayo haijafika. Singo ilitolewa tarehe 31 Oktoba, na kabla ya mwezi Novemba kwisha ikashika nafasi ya kwanza, ambako ilikaa wiki tisa. Albamu nayo ilifika kileleni mwa chati ya Uingereza mwishoni mwa Desemba, na Marekani ikafika nafasi ya nne.

Kwa kuwa bendi ilikuwa ikianza ziara na haingeweza kufika studio za televisheni, na pengine kwa kuwa hakuna watatu wanaoweza kuimba kwa pamoja kile ambacho utepe ulikusanya kwa wiki tatu, filamu fupi ya wimbo huo ilipigwa tarehe 10 Novemba huko Elstree chini ya mwongozaji Bruce Gowers, kwa muda wa saa nne hivi. Nyuso nne zikitokea gizani zikawa picha inayotambulika duniani, na biashara ya video za muziki, ambayo leo hakuna msanii wa Bongo Fleva wala kwaya ya kijijini inayothubutu kuikwepa, hupenda kuhesabu ukoo wake kuanzia hapo, ingawa bendi nyingine zilikuwa zimetengeneza filamu za aina hiyo kabla yake. Kichekesho cha historia ni kwamba mwaka huo Zanzibar, alikozaliwa mwimbaji, tayari ilikuwa na televisheni ya rangi iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote na haikukipata hadi 1994. Aliyekuwa Usangi au Gonja huko Upare mwaka 1975 alikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sera yake ilikuwa kuutanguliza muziki wa nyumbani.

Muziki huo wa nyumbani ulirekodiwa kwa njia iliyo kinyume kabisa na ya Queen. Bendi ilifika studio za redio ya taifa, wapigaji wote wakakaa chumba kimoja, vipaza sauti vichache vikapangwa, na nyimbo kadhaa zikapigwa kwa mkupuo mmoja baada ya mwingine, mwimbaji na mpiga tarumbeta wakijua kwamba kosa la mmoja ni kosa la wote. Kanda zilibaki mali ya redio. Aliyetaka santuri ilibidi atazame Nairobi, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzikandamiza, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, hata mlango huo ulizibwa. Si haki kuuita urekodi huo wa kimaskini tu, maana una uchangamfu ambao tabaka 180 za sauti haziwezi kuuzaa. Lakini ni kweli pia kwamba watunzi wengi walizeeka wakisikia nyimbo zao redioni bila mrabaha wa maana.

Kwa upande wa Queen, mrabaha ulileta ugomvi wa aina nyingine. Kisheria upande wa pili wa singo hulipwa sawa na wa kwanza, kwa sababu anayenunua santuri hununua pande zote mbili, na upande wa pili wa Bohemian Rhapsody uliwekwa wimbo wa gari wa Taylor. Kwa hiyo kila nakala iliyouzwa ilimpa Taylor kiasi kilekile alichopata Mercury kwa wimbo mkuu, na wenzao hawakulimeza hilo kwa urahisi. Mercury alipofariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, singo ilitolewa upya, ikashika nafasi ya kwanza kwa wiki nyingine tano, na mapato yake yakaenda kwa Terrence Higgins Trust, taasisi ya Uingereza inayowahudumia wenye virusi vya UKIMWI. Mwezi Juni 2024 vyombo vya habari viliripoti kwamba kampuni ya Sony ilikuwa inanunua hazina ya nyimbo za bendi hiyo kwa kiasi cha pauni bilioni moja. Wanamuziki wenyewe walikuwa wamekwisha jifunza somo la upande wa pili mapema zaidi: tangu albamu ya The Miracle ya mwaka 1989 nyimbo mpya ziliandikwa kwa jina la bendi na mapato kugawanywa sawa kwa sawa, ila zile za 1975 zilibaki na watunzi wake, tano za Mercury, nne za May, moja ya Taylor na moja ya Deacon.